Msubiri Aruke

Kila Januari nyanda za Ndutu, kusini mwa Serengeti, hujaa nyumbu wanaozaa, na magari ya watalii hufuatana nyuma yao hadi jua linapozama. Watu wametoka mabara mengine kuja kushuhudia uhamaji mkubwa. Kumbe msafiri aliyewapita nyumbu wote kwa umbali amesimama juu ya kichuguu kando ya barabara, ana uzito wa gramu 25 hivi, na hakuna anayemgeuzia kamera. Nyumbu huzunguka kati ya hapo na Mto Mara, mwendo wa kilomita mia kadhaa. Huyu wa kichuguuni amezaliwa ng'ambo ya majangwa, Urusi au Asia ya Kati, na wako wa aina yake wanaozaliwa Alaska.

Wataalamu humwita Oenanthe oenanthe. Urefu wake ni sentimita 15 hivi, mgongo wa kahawia, kidari cha rangi ya mchanga, mabawa yenye weusi uliofifia, miguu myeusi. Hatulii. Hukimbia hatua chache, husimama ghafla, huinama na kuinuka huku akitikisa mkia, kisha hukimbia tena. Ukiulizwa ni ndege gani, utajibu kwamba ni ndege tu, wa kahawia, na hutakuwa umekosea. Ugumu ni kwamba katika uwanda huohuo wapo ndugu zake watatu, na wawili kati yao wanafanana naye kiasi cha kuwagombanisha watu wanaojua kazi yao.

Aliyenifungua macho ni mwongozaji mmoja wa Karatu, mtu wa makamo aliyeanza kazi hiyo akiwa mpishi wa kambi. Nilikuwa nimeshika darubini nikizitaja rangi moja baada ya nyingine, mgongo hivi, kifua hivi, nikidhani ndiyo kazi yenyewe. Alinisikiliza mpaka nikanyamaza. Halafu akasema, "Rangi iache kwanza, ndugu yangu. Msubiri aruke."

Tukasubiri. Aliruka alipotaka mwenyewe, chinichini, mwendo mfupi tu, akatua juu ya jiwe. Katika muda huo mdogo kiuno kilimeta kwa weupe na mkia ukafunguka: mweupe pande zote mbili, na weusi umechorwa kwa umbo la herufi T iliyopinduliwa, shina likishuka katikati na ukanda ukikata nchani. Mwongozaji akalitaja jina, akashusha darubini yake. Mimi bado nilikuwa namtafuta ndege alikotua.

Siri yote imo kwenye vipimo vya hiyo T. Kwa Oenanthe oenanthe ukanda wa nchani ni mwembamba kiasi na shina ni refu. Ndugu yake wa rangi ya mchanga, Oenanthe isabellina, ana ukanda mpana unaokula karibu nusu ya mkia, kwa hiyo shina hubaki fupi na weupe hupungua. Wa tatu ni Oenanthe pleschanka, ambaye dume lake huvaa nyeusi na nyeupe msimu wa kuzaa. Mkia wake una weupe mwingi na ukanda wa nchani usionyooka, ila weusi hupanda kwenye manyoya ya pembeni kabisa, na huko kupanda ndiko kunakomtambulisha. Wa nne, Oenanthe pileata, ni mwenyeji wa Afrika, haendi Ulaya wala Asia. Mkubwa wake ana utosi mweusi, paji jeupe na mkanda mweusi kifuani, hata mgeni wa jana humjua. Mdogo wake ambaye bado hajapata mkanda vizuri ndiye anayewababaisha watu, naye pia hutambuliwa kwa mkia, maana wa kwake ni mweusi karibu wote.

Kwa nini mkia uaminiwe kuliko mwili? Rangi ya mwili huyumba. Jua la asubuhi humfanya ndege awe wa dhahabu, la adhuhuri humfanya kijivu, na vumbi la majivu ya volkano humpa rangi ya ardhi yenyewe. Umri nao huingia, na jinsia, na uchakavu. Dume akifika huku manyoya yake mapya yana ncha za hudhurungi zinazoficha kilicho chini. Miezi inavyopita ncha hizo husagika, na baadhi ya manyoya ya kichwa na mwili hubadilishwa papa hapa Afrika, hata ifikapo Machi yule ndege wa kahawia ana mgongo wa kijivu safi na barakoa nyeusi machoni. Ukiwa umemwona Novemba na ukamwona tena Machi, utaapa kwamba ni ndege wawili. Mchoro wa mkia haukubadilika hata siku moja, kwa jike wala dume, kwa mkubwa wala kijana.

Mkia ukishatoa neno lake, dalili nyingine huitwa kuthibitisha. Isabellina ana miguu mirefu zaidi na husimama wima zaidi. Bawa lake lina rangi ileile ya mgongo, kwa hiyo kile kijinyoya cheusi kwenye kidole gumba cha bawa huonekana peke yake kama doa, ilhali kwa oenanthe bawa lote limekoza kuliko mgongo na doa hilo humezwa. Kuna mstari wa nyusi: kwa isabellina ni mpana na mweupe mbele ya jicho, kwa oenanthe uweupe wake huonekana zaidi nyuma ya jicho. Kuna upande wa ndani wa bawa, mweupe kwa isabellina na wa kijivu kilichokoza kwa oenanthe, unaoonekana ndege anapoinua mabawa tu. Mtu aliyebobea hupita kwenye dalili hizi zote kwa mpangilio, kwa kufumba na kufumbua, bila kuonekana kama anafikiri. Anayejifunza huziona moja moja, na kila akiiona moja, nyingine imeshatoweka.

Kamera, nikiri wazi, siipendi sana katika kazi hii. Inasaidia, na picha ya ndege aliyekunjua mkia humaliza ubishi wa saa nzima. Lakini humzoesha mtu kuridhika na ndege aliyesimama, kwa kuwa ndiye anayetoa picha ya kuvutia, na ndege huyu akisimama ameficha karibu kila kitu cha maana.

Mahali napo ni dalili. Ardhi ya Ndutu imejengwa na majivu ya volkano za Kerimasi na Ol Doinyo Lengai, na chini kidogo kuna tabaka gumu lisilopitisha mizizi ya miti. Nyasi hubaki fupi, wanyama huzifupisha zaidi, na ndege anayewinda kwa kukimbia hupata uwanja. Chakula chake ni sisimizi, mchwa, mbawakawa na viwavi, na kati ya nyasi ndefu hawezi kuwaona wala kuwafuata. Ndiyo maana hupatikana pia mahali palipolishwa sana na ng'ombe, palipoungua, au kwenye shamba lililolimwa karibuni. Mtu akikuambia amemwona katikati ya majani yanayofika kiunoni, muulize tena. Isabellina hupenda pawe peupe zaidi. Pleschanka hupenda pawe na kichaka au mti mdogo wa kukaa juu na kuwinda kwa kushuka. Oenanthe yuko katikati yao.

Mgawanyo huo hauletwi na hiari peke yake. Mwaka 1983 Bernd Leisler na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Kenya kuhusu aina hizi tatu wakati wa majira ya baridi ya Ulaya, wakaonyesha kwamba kila ndege hushika eneo lake na kulilinda hata dhidi ya ndege wa aina nyingine. Jike hulinda lake, dume lake, kila mmoja peke yake. Hawaji kwetu kuzaa wala kupendana. Wanakuja kula, na kila mmoja anajua mpaka wake ulipo. Kwa mtazamaji hiyo ni nafuu kubwa. Ndege aliyekukimbia asubuhi bila kuonyesha mkia, jioni utamkuta kwenye kichuguu kilekile.

Na bado wapo wasiotajika. Jike wa pleschanka aliyechakaa manyoya, akiwa mbali, upepo ukivuma, mkia ukiwa umefungwa, anaweza kumshinda mtu mwenye uzoefu wa miongo. Madaftari ya watazamaji ninaowaheshimu yana mistari iliyoandikwa Oenanthe tu, bila jina la pili. Daftari lisilo na mstari wa namna hiyo hunitia mashaka.

Darubini, hata hivyo, inafikia jina na kuishia hapo. Alikotoka ndege, ana umri gani, ameshiba au ana njaa, hayo yanataka ndege mkononi. Huo ni ufundi wa watu wengine, wavumilivu kwa namna nyingine. Ngulia, ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, wamekuwa wakiufanya tangu mwaka 1969. Taa za hoteli iliyo ukingoni mwa mteremko, usiku wenye ukungu wa Novemba na Desemba, huwavuta ndege wanaosafiri gizani, na watu kama Graeme Backhurst na David Pearson wakaona hapo nafasi isiyo na mfano. Wengi wanaonaswa pale ni ndege wa vichakani, lakini mikono inayowashika ni ileile na kanuni ni zilezile.

Mshikaji humtoa ndege kwenye wavu mwembamba akianzia miguuni, upande ule alioingilia. Humshika shingo ikiwa kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo kiganjani, wala habanwi. Pete ya metali yenye namba huvishwa mguuni. Bawa hulazwa juu ya rula na kusomwa kwa milimita. Halafu hufuata kitendo kinachonipendeza kuliko vyote: mshikaji huinamisha kichwa na kupuliza pumzi taratibu kwenye koo la ndege. Manyoya hugawanyika, ngozi huonekana kwa kuwa ni laini na angavu, na katika lile shimo dogo chini ya koo mafuta huonekana ya manjano, misuli ikiwa myekundu. Mafuta yaliyojaa na kufura ni ndege aliye tayari kuondoka. Shimo likiwa tupu, amefika usiku huu.

Wajerumani wa kisiwa cha Helgoland, kilichoko Bahari ya Kaskazini, walipata njia ya kumpima bila hata kumgusa tena. Waliwavisha ndege pete za rangi, wakaweka mizani midogo kwenye mawe, na juu ya mizani wakaweka funza. Ndege akizoea kuja kula, hujipima mwenyewe, na mtafiti aliye mbali husoma namba kwa darubini. Kwa njia hiyo waliweza kumfuata ndege mmoja akinenepa siku hadi siku hadi jioni alipoondoka. Wale wanaozaliwa Greenland na kaskazini mashariki mwa Kanada, wenye miili mikubwa na mabawa marefu, wanaweza kupita gramu 40 kabla ya kuvuka bahari.

Swali kubwa lilikuwa la ndege wa Alaska. Kwamba aina hii inazaa huko lilijulikana zamani. Wanakwenda wapi baridi ikianza, hilo pete peke yake haikuweza kulijibu, kwa sababu uwezekano wa pete ya Alaska kuokotwa na mtu mbugani Afrika ni mdogo mno. Franz Bairlein wa taasisi ya utafiti wa ndege ya Ujerumani, pamoja na wenzake, walitumia kifaa kisichofika gramu 2 pamoja na mikanda yake, kinachofungwa mgongoni kwa vitanzi vinavyopita mapajani. Kifaa hakipigi simu wala hakizungumzi na setilaiti. Kinapima mwanga na kuandika saa, basi.

Msomaji anayehesabu saa kwa Kiswahili atauelewa ufundi huu upesi, kwa kuwa saa zetu zinaanza na jua. Mchana wa mahali ukiujua urefu wake, unajua uko umbali gani kutoka ikweta. Adhuhuri ya mahali ukijua inaangukia saa ngapi kwenye saa ya kifaa, unajua uko mashariki au magharibi kiasi gani. Udhaifu wake uko palepale: karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba mchana unalingana dunia nzima, kwa hiyo nusu ya jibu hupotea kwa siku kadhaa. Na Alaska kiangazi giza halishuki sawasawa, hivyo kifaa hakina machweo ya kuandika. Mtu anayesoma takwimu hizo hukaa nazo siku nyingi, akitenganisha machweo ya kweli na kivuli cha jiwe lililomfunika ndege.

Tena kifaa lazima kirudi. Ndege 46 walifungwa, 30 Alaska na 16 kwenye kisiwa cha Baffin, Kanada. Mwaka uliofuata watafiti walirudi kwenye mawe yaleyale na kuwatafuta. Walipata vifaa vinne. Vitatu vilikuwa vya Alaska, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba ndege hao walivuka Mlango wa Bering, wakapita Siberia, wakakata Asia na Uarabuni, wakaja kukaa Sudan, Uganda na Kenya. Ni kama kilomita 14,500 kwa kwenda tu. Safari ya kuja ilichukua wastani wa siku 91, ya kurudi siku 55. Yaani karibu miezi mitano ya mwaka yumo njiani, na huruka karibu kila mara usiku. Yule mmoja wa Baffin alivuka Atlantiki, kilomita 3,500, kwa siku nne hadi Visiwa vya Uingereza, kisha akashuka hadi Mauritania. Watafiti hawakuishia kwenye vifaa vinne; walipima pia haidrojeni iliyomo kwenye manyoya yaliyoota Afrika, ambayo hubeba alama ya mvua ya mahali ndege alipokuwa yakiota, na majibu yakaelekea kulekule.

Anaporudi Alaska muda ni mfupi. Jike hujenga kiota ndani ya shimo au chini ya mawe, hutaga mayai ya samawati iliyopauka, matano au sita kwa kawaida, huyaatamia siku 13 hivi, na makinda hutoka kiotani baada ya siku 15 hivi. Mwezi Agosti wanaanza kuondoka. Makinda hawafuati kundi, na hakuna mzazi anayewatangulia. Ndege mwenye umri wa wiki chache huinuka usiku mmoja akielekea magharibi, kwenye bara asilolijua.

Ivan Maggini na Bairlein walilichunguza hilo kwa ndege wa aina hiihii, kama ilivyohesabiwa wakati huo, waliotoka Iceland, Norway na Morocco, waliofugwa ndani ambako mwanga na giza havikubadilika mwaka mzima. Msimu wa safari ulipofika walianza kuhangaika usiku vizimbani, bila kuona nyota wala majani yakigeuka rangi. Wa Iceland, ambao wazee wao hawana njia ila kuvuka bahari, walinenepa kuliko wenzao. Kalenda imo mwilini, na kila ukoo una ya kwake.

Njia nayo ni ya ukoo. Kutoka Alaska hadi nyanda za nyasi za Venezuela ni kama kilomita elfu tisa kwa mstari ulionyooka, pungufu ya theluthi mbili ya safari ya kuja kwetu, na nyasi huko si haba. Lakini aina hii ni ya Ulimwengu wa Kale. Ilienea kutoka Asia kwenda mashariki mpaka ikavuka Mlango wa Bering, na kila kizazi kilichosogea mbele kiliendelea kurudi Afrika kwa njia ileile, ikirefuka kidogo kidogo. Kwa macho mtu hawezi kumtofautisha ndege wa Alaska na wa Kazakhstan wakiwa wamesimama kwenye vichuguu jirani. Tarehe ndiyo inayosaidia kidogo. Wa kwanza hufika Afrika Mashariki kwenye Septemba na Oktoba, vuli ikikaribia. Aliyeondoka Alaska mwishoni mwa Agosti akachukua miezi mitatu atafika Novemba ikielekea mwisho. Kwa hiyo yule unayemwona nyanda za Kapiti, kusini mashariki mwa Nairobi, katika wiki ya kwanza ya Oktoba, mwandikie tarehe na umtafutie ukoo wa karibu zaidi. Wa Alaska wakati huo bado wako Asia.